Logi ya dereva wa lori Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kwanza tuelewane: hapa logi, au logbuku, si ile hati ya umiliki wa gari. Ni rekodi ya saa za dereva wa lori nchini Marekani, yenye mistari minne: mapumzikoni, kitandani (kile cha ndani ya kichwa cha lori), kuendesha, na kazini bila kuendesha. Huu wa nne ndio unaowaponza wageni wa kazi hii.

"Logi ni ya saa za usukani tu."
La. Ni ya siku nzima, na mistari yote minne ikijumlishwa lazima ifike saa 24. Kukagua lori, kujaza dizeli, kusimamia upakiaji: yote ni kazi, hata kama gurudumu halijazunguka. Kwenye ghala ndipo watu wanapoteleza. Dereva amelaza kiti, anaperuzi simu, anajiandikia mapumziko, kumbe anatakiwa awe tayari kuitwa wakati wowote na lori na mzigo bado ni jukumu lake. Huyo yuko kazini. Kwamba halipwi kwa saa hizo ni uonevu labda, lakini hakuzigeuzi kuwa mapumziko. Akiachiwa kabisa, akapanda kitandani kulala, hapo ni mstari wa pili.

"Nikisimama kula, saa nazo zinasimama."
Unaruhusiwa kuendesha saa 11, lakini ndani ya dirisha la saa 14 ambalo likishafunguka halisubiri mtu. Ukianza kazi saa kumi na mbili asubuhi, mwisho wako wa kuendesha ni saa mbili usiku, hata kama ulikula na kupiga soga saa mbili nzima. Baada ya hapo ni mapumziko ya saa 10 mfululizo. Kinachoweza kusimamisha dirisha hilo ni kuyagawa mapumziko: angalau saa 7 kitandani na kipande kingine cha angalau saa 2, jumla zisipungue 10.

"Zile dakika 30 za kusimama katikati ya safari lazima niwe mapumzikoni."
Zamani, ndiyo. Tangu Septemba 2020, baada ya saa 8 za kuendesha unachotakiwa ni kukaa dakika 30 bila kuendesha. Hata kujaza dizeli kunahesabika.

"Nikivuka mpaka wa majira ya saa nabadilisha saa."
Hubadilishi. Logi hufuata saa ya kituo chako cha nyumbani, yaani kile cha kampuni unakoripoti kazini.

"Siku hizi kifaa kinaandika chenyewe."
Kifaa cha ELD (kirekodi saa cha kielektroniki kilichounganishwa na injini ya lori), kilichoanza kulazimishwa Desemba 2017, kinajua jambo moja vizuri: lori linatembea. Likisimama hakijui kama unalala au unafunga mzigo. Wewe ndiye wa kukiambia, na wewe ndiye unayethibitisha logi ya kila siku. Ukikosea unaweza kurekebisha kwa kuandika sababu, ila rekodi ya kwanza haifutiki, na muda wa kuendesha uliorekodiwa na kifaa chenyewe haugeuzwi kuwa mapumziko.

Kifaa nacho huharibika. Ndiyo maana sheria inataka uwe na karatasi tupu za logi zisizopungua za siku 8, na kikigoma unachora kwa mkono siku ya leo pamoja na zile 7 zilizopita, isipokuwa kama kumbukumbu zake bado unazo.