Kranki ya bei chee kwenye baiskeli ya zamani: maneno ya kijiweni na ukweli wake

Mzee wangu yuko Ifakara, na kama umeshafika Ifakara unajua pale baiskeli sio mapambo, ile tambarare yote watu wanaimaliza kwa pedeli, mpunga unaenda mashineni juu ya keria, mama na mtoto juu ya keria, madumu ya maji juu ya keria. Yeye ana Raleigh ya Nottingham kule Uingereza, ile nyeusi yenye breki za fito, aliinunua mimi sijazaliwa. Sasa kranki, yaani ile mikono inayobeba pedeli pamoja na ekseli yake, ikamshinda, ekseli imeliwa pale inapokaa kotapini, ile pini inayoubana mkono, kila akikanyaga mguu wa kulia unateleza kidogo halafu unashika, ko, ko, ko, njia nzima. Nikasema haina shida, nanunua seti ya bei chee namfungia mwenyewe nikienda likizo, kazi ya nusu saa. Ikala siku tatu. Na kilichonichelewesha sio ubovu wa kranki, ni maneno ya kijiweni niliyoyaamini, mengine yalibaki kidogo tu yaue fremu.

"Kranki ni kranki, zote zinaingiliana." Hii ndio mama wa yote. Kuna ya kotapini, ekseli ni ya mviringo na mkono wa kranki una tundu la duara, pini inapita kwa pembeni kuzibana. Kuna ya ekseli ya pembe nne, mkono una tundu la mraba na unabanwa na bolti au nati kwa mbele. Halafu kuna ile ya kipande kimoja, chuma kimoja kimepindwa kutoka pedeli hadi pedeli, utaiona kwenye baiskeli za watoto na BMX za zamani, hiyo inataka bomba la fremu, lile ekseli ya kranki inapopita, liwe pana sana na usijisumbue nayo kwenye Raleigh wala Phoenix. Muuzaji wa spea atakwambia "inaingia hiyo" bila kuangalia ulichoshika mkononi. Nenda na ekseli yako ya zamani kwenye mfuko, iweke juu ya meza, ndio muanze kuongea bei.

"Kufungua ni kushoto, kukaza ni kulia, kila mahali." Hapa ndipo vyuma vinapokufa. Kwenye baiskeli hizi zenye mtindo wa Kiingereza kikombe cha beringi cha upande wa kulia, upande wa cheni, kina thredi za kinyume, unakifungua kwa kuzungusha kulia. Cha kushoto ni cha kawaida. Pedeli nazo hivyo hivyo ila zimegeuziwa upande, ya kulia ni kawaida, ya kushoto ni kinyume. Sio kwamba Mwingereza alikuwa anatukomoa, ekseli ikizunguka juu ya gololi inakisukuma kikombe kidogo kidogo kuelekea upande mmoja, sasa thredi zikiwa sahihi ule msukumo haukifungui. Waitaliano kwao vikombe vyote viwili ni thredi za kawaida, na watu wao wamezoea kukaza cha kulia mara kwa mara.

Nilimkuta fundi mmoja ameshachomeka bomba la urefu wa mkono kwenye spana anakisukuma kikombe cha kulia kwenda kushoto, anatoka jasho, anasema kimeganda kwa kutu. Hakijaganda mkuu, unakikaza!

Sasa hapo hapo kuna lingine ambalo ndilo lilinipotezea siku ya pili, "vikombe vipya vimekuja na seti, tupa vya zamani ufunge vipya". Kwa baiskeli nyingi sawa. Lakini Raleigh za Nottingham zilikuwa na mambo yake, vikombe vya kawaida vya Kiingereza vina thredi 24 kwa inchi, Raleigh wao walichonga 26. Kipenyo kile kile, kwa macho huoni tofauti yoyote. Kikombe kipya kinaingia mzunguko mmoja, mmoja na nusu, kinakaza, na kila anayekutazama anasema "kaza tu kitaenda". Kikienda kimekula thredi za fremu na hiyo fremu ndio kwaheri. Mimi nilisimama mzunguko wa pili kwa sababu ya uoga tu, sio ujuzi, baadaye ndio nikapanga kikombe cha zamani na kipya mgongo kwa mgongo nikaona meno hayakutani.

Dawa ilikuwa rahisi, na inachekesha, vikombe vya zamani vilikuwa bado vizima. Chuma cha zamani kile ukikisugua na mafuta ya taa ile njia ya gololi inang'aa kama kioo, kama haina vishimo basi kina maisha. Nikarudisha vikombe vyake mwenyewe, gololi mpya za robo inchi 11 kila upande, grisi ya kutosha, katikati nikaweka ekseli nyingine ya pembe nne. Ila ekseli nayo ina mtego. Lile bomba la fremu kwa kawaida lina upana wa milimita 68, Raleigh za thredi 26 unakuta 71 au 76, kwa hiyo yale mabega mawili ya ekseli ambapo gololi zinakimbilia lazima yaachane umbali unaolingana na fremu yako, sio urefu wa jumla peke yake. Nilimaliza asubuhi nzima nikipekua kopo la ekseli chakavu kwa fundi mmoja mzee, huku nimeshika rula na ekseli ya zamani, mpaka nikapata inayofanana. Akanipa kwa bei ya soda.

"Kotapini ni nyundo tu." Kama wewe unabaki na mfumo wa pini, soma hapa. Ukigonga pini huku mkono wa kranki unaning'inia hewani, pigo lote linaenda kwenye gololi na gololi zinachimba vishimo kwenye vikombe, halafu mwezi ujao unalalamika beringi za siku hizi feki. Chini ya mkono weka kipande cha bomba kilichosimama ardhini, pini itokee kwenye uwazi wake, hapo gonga. Ukipata jiriwa ya kuisukuma pini taratibu ndio bora zaidi. Nati haivuti pini iingie, nati inaishikilia tu, ukiilazimisha unakata thredi. Na pini zenyewe zina saizi, nyingi za Kiingereza ni milimita 9.5 na zipo za 9, ya 9 kwenye tundu la 9.5 itakaa wiki. Kuhusu uelekeo, leta mkono wa kulia mbele uangalie nati imetazama wapi, halafu leta wa kushoto mbele, itazame huko huko. Ukikosea hapo pedeli hazitakaa mstari mmoja, unaendesha kama umeumia nyonga.

"Cha bei chee kitavunjika." Nusu ukweli, tena nusu ndogo. Kranki ya chuma ya bei ya chini ni nzito, kromu inababuka mapema, sproketi, lile duara la meno linalovuta cheni, inaweza kuyumba kidogo, ila kuvunjika chini ya gunia la mpunga sijaona. Ya alumini ya bei chee ndio ya kuangalia, tundu lake la mraba ni laini, ukiendesha siku mbili ikiwa imelegea tundu linatanuka na hakuna kukaza kutakakolirudisha. Kasoro kubwa ya hizi seti mimi naona ni moja, sproketi imegandamizwa kwenye mkono moja kwa moja, haina bolti, meno yakiisha unanunua seti nzima. Kwa bei yake, sawa tu.

"Sproketi kubwa ndio mbio." Mbio za nani? Meno 48 mbele na 20 nyuma, kwa tairi la 28, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka karibu mita 5 na sentimita 40. Weka 44 unakwenda pungufu kidogo ya mita 5. Hizo sentimita 40 na kitu unazilipia kwa magoti ukiwa na mzigo kwenye upepo wa mbele. Mzee nilimwekea 44, akaanza kubisha, alipopakia madumu akanyamaza. Ukipunguza meno kumbuka kufupisha cheni.

Cheni yenyewe, zile za gia ni nyembamba, nafasi ya ndani kama milimita 2.4, hizi za baiskeli za mzigo ni 3.2. Cheni pana juu ya meno membamba inafanya kazi, nyembamba juu ya meno manene haikai kabisa. Na ikichomoka kila saa usikimbilie kulaumu kranki, kaa nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, tazama kama sproketi ya mbele na friwili, meno ya nyuma, ziko mstari mmoja. Ekseli ndefu kupita kiasi inatupa sproketi nje, fupi inaikwaruzisha kwenye fremu au kwenye kava ya cheni. Yangu ilitoka nje kama milimita 4, cheni haikulalamika.

"Ukishakaza umemaliza." Hapa nimekosa mimi mwenyewe. Mikono ya pembe nne inakaa vizuri baada ya kuendeshwa, kwa hiyo unakaza, unaendesha kilomita kadhaa, unakaza tena, halafu tena baada ya siku chache. (Wapo wanaobishana kama ekseli ipakwe grisi au la, mabishano ya kula na kulala, kaza vizuri tu.) Mimi nikafunga, nikapiga picha, nikapanda basi kurudi Dar. Wiki ya pili simu, "mwanangu, mguu wa kushoto unacheza". Nikamwomba kijana wa jirani apitishe spana, bahati ilikuwa kranki ya chuma.

Mzee hajawahi kusema asante kuhusu zile 44. Alichosema siku ya kwanza alipoinama kuiangalia ni "ndege wangu wako wapi?", maana sproketi ya Raleigh ya zamani imechongwa vichwa vya korongo na hii yangu ni duara tupu lenye matundu. Ile ya zamani ipo, ameitundika kwenye msumari juu ya mlango wa stoo, vijana wa vyuma chakavu wameshaambiwa wasiiulizie bei.