Je, wajua kwa nini Nora aliondoka wakati mume alishamsamehe?

Kuna tamthilia ya mwaka 1879 ya Henrik Ibsen, yule Mnorwe, inaitwa Et dukkehjem, yaani nyumba ya mwanasesere, na wengi walioisikia juu juu watakwambia ni stori ya mke aliyemkimbia mume mkali. Hapana bana. Torvald hapigi mtu, ndo kwanza kapewa umeneja wa benki, mkewe Nora anamwita kindi wangu, ndege wangu. Anamkataza tu vibiskuti vya lozi asije akaharibu meno, na Nora anavila kwa kuiba halafu anafuta mdomo haraka, mama wa watoto watatu huyo!

Shida ni deni. Zamani Torvald aliugua, madaktari wakasema apelekwe kwenye joto kusini, hela hamna, na enzi zile mke hakopi bila idhini ya mume. Nora akakopa kimyakimya kwa mwanasheria mmoja, Krogstad, baba yake ndo mdhamini, kumbe saini kaighushi mwenyewe, na alivyokamatika sasa: hati imesainiwa tarehe 2 Oktoba wakati mzee kafariki tarehe 29 Septemba. Deni lenyewe kalilipa miaka kwa kubana hela za nguo na kunakili maandishi usiku.

Torvald, asiyejua kitu, anamfukuza Krogstad kazi pale benki, Krogstad anatibuka, barua ya kufichua siri inamfikia Torvald. Nora moyoni alikuwa anangoja muujiza, mume aseme hili kosa nabeba mimi. Wapi! Anaitwa mnafiki, mwongo, mhalifu, watoto hutalea tena ila utakaa humu humu watu wasijue. Muda si muda inakuja barua ya pili, Krogstad karudisha hati, na jamaa anapaza sauti: "Nimeokoka! Nora, nimeokoka!" Nora anauliza, na mimi je? Aa, na wewe pia, bila shaka. Halafu anaanza kumsamehe, tena kwa mbwembwe.

Kwangu mimi jibu liko hapo, kilichomtoa Nora ni msamaha wenyewe kuliko hata yale matusi, maana mtu anakusamehe kosa ulilolifanya ukiokoa uhai wake, na anakusamehe baada ya kuhakikisha yeye kapona. Nora anavua nguo za dansi, anamkalisha kitako, anamwambia miaka minane ya ndoa leo ndo tunaongea la maana mara ya kwanza. Anamrudishia pete, na ya kwake anaidai. Kisha unasikika mlango wa chini ukibamizwa.

Ujerumani mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe aligoma, akasema yeye hawezi kuwaacha wanawe hivyo. Ibsen, akiogopa wengine wasije wakamchakachulia kazi yake, akaandika mwenyewe mwisho mwingine, Torvald anamvuta Nora hadi mlangoni kwa watoto waliolala, miguu inamwishia, pazia linashuka. Mwenyewe aliuita ushenzi.