Si kweli kwamba viatu na vidole vinatosha kumtambua mwizi

Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Mtwara: eti ukifikiri kimantiki kama Sherlock Holmes, utamjua mwizi kwa kutazama viatu na vidole vyake tu. Si kweli.

Anachofanya Holmes, mpelelezi wa hadithini tangu 1887, mara nyingi ni kukisia maelezo yanayoelekea kufaa zaidi. Hitimisho la kimantiki ni kitu kingine, halina mwanya: hoja za mwanzo zikiwa kweli, nalo lazima liwe kweli. Chukua vidole vyenye madoa meusi. Huenda mtu anabangua korosho, maana mafuta ya ganda huchoma ngozi na kuacha weusi. Lakini fundi pikipiki naye ana madoa, na aliyepaka piko pia. Jaribu mwenyewe: andika kisio lako, orodhesha sababu nyingine, kisha muulize mhusika.

Tunachanganyikiwa kwa sababu hadithini mpelelezi hupatia karibu kila mara. Mwandishi ndiye aliyepanga jibu pamoja na dalili zake. Mtaani hakuna aliyepanga. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, hasa ukiambatana na picha ya mtu: jirani asiye na hatia anaweza kupigwa kwa sababu ya udongo mwekundu kwenye soli zake.