Ubongo nao hudunda: maswali na majibu kuhusu moyo, pumzi na picha za kichwa

Ni kweli ubongo hucheza ndani ya kichwa?

Ndiyo. Mtazame mtoto mchanga aliyelala: pale utosini, ambapo mifupa haijaungana, ngozi hupanda na kushuka kwa kufuata mapigo ya moyo. Hiyo ni kawaida. Ila utosi ukivimba na kukaza huku mtoto ana homa, au ukibonyea huku anaharisha, mpeleke kituo cha afya mara moja, usingoje kesho. Kwa mtu mzima fuvu limefunga, lakini mwendo upo, mdogo tu, chini ya milimita moja.

Moyo unausukumaje?

Moyo ukipiga, damu huingia kichwani kwa mkupuo kupitia ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Fuvu halitanuki, na ndani yake mna ubongo, damu, na maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kimoja kikizidi, kingine lazima kipishe. Basi damu inapoingia, sehemu ya maji hayo hushuka kuelekea mgongoni, kisha hurudi. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji hayo, na mwili hutengeneza kama mililita 500 kila siku, kwa hiyo hubadilishwa zaidi ya mara tatu kwa siku.

Pumzi iko kifuani. Kichwani inafikaje?

Kwa njia ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Ukivuta pumzi, shinikizo la kifuani hupungua na damu ya vena huteremka kwa urahisi kutoka kichwani. Nafasi hupatikana, na maji ya mgongoni hupanda. Ukikohoa au kujikamua huwa kinyume chake: mtazame shingoni mtu anayekohoa kwa nguvu, utaona mishipa imetuna.

Picha za haraka zimeongeza nini?

Hapa ndipo penye utamu. MRI (mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku) ya kuchunguza kazi za ubongo kwa kawaida hupiga picha ya ubongo mzima kila baada ya sekunde 2 au 3. Katikati hapo moyo umeshapiga mara mbili, tatu au zaidi, na mapigo hayo hujitokeza kwenye picha kama wimbi la polepole lisilo la kweli, kama gurudumu la gari kwenye filamu linavyoonekana kurudi nyuma.

Watafiti wa Oulu, Finland, hutumia mbinu ya MRI inayopiga picha ya ubongo mzima kama mara 10 kwa sekunde. Mwaka 2016 walieleza midundo ya aina tatu: ya moyo, inayoonekana zaidi kando ya ateri, ya pumzi, karibu na vena, na mawimbi ya taratibu sana, kila moja zaidi ya sekunde 10, ambayo huhusishwa na mishipa yenyewe kubana na kulegea. Kwa miaka mingi midundo hii ilihesabiwa kuwa kelele za kuchujwa. Kumbe ilikuwa habari yenyewe.

Ina faida gani kwetu?

Mwaka 2012 uchunguzi wa panya ulionyesha maji yale yanayozunguka ubongo yakipita kando ya mishipa ya damu na kuzoa taka za ubongo. Mwaka 2013 ikaonekana kazi hiyo huongezeka panya wakilala. Kwa binadamu, kundi la Oulu limeona midundo ikipata nguvu usingizini, na mdundo wa pumzi ukitofautiana kwa wenye kifafa. Njia kamili ya maji hayo bado ina mabishano.

Basi nipumue kwa nguvu ili nisafishe ubongo?

Hapana. Hakuna ushahidi kwamba kufanya hivyo huzuia ugonjwa, na kuhema haraka hubana mishipa ya ubongo hadi ukapata kizunguzungu. Cha maana zaidi ni kupima presha: presha ya juu hukakamaza ateri zile zile zinazobeba mdundo. Na usingizi usiunyime haki yake.

Naweza kuomba kipimo hiki hospitali?

Bado ni cha utafiti. Ukiandikiwa MRI ya kawaida ya kichwa, tulia, pumua kama kawaida, na mweleze mpiga picha mapema kama una kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini.