Chembe za O, kingamwili za A: kundi la damu baada ya kupandikizwa uloto

Juu ya kigae cheupe cha maabara kuna matone mawili ya damu ya mgonjwa. Moja limetiwa kitendanishi cha bluu kinachotafuta A, la pili cha njano kinachotafuta B. Tikisa kigae: hakuna chembe zilizoshikana. Basi ni O. Sasa pima kinyume chake. Chukua plazma yake, yale maji ya njano ya damu, uichanganye na chembe za A na za B. Plazma ya mtu wa O ina kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika mgeni, dhidi ya A na B, hivyo hushika zote mbili. Hii imeshika B tu, kama ya mtu wa kundi A.

Mpimaji asiye na taarifa atadhani amechanganya mirija, atarudia, na jibu litakuwa lile lile. Mgonjwa alipandikizwa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na ndugu aliyemchangia ni wa kundi jingine.

Inawezekanaje kuchanganya makundi namna hiyo? Mchangiaji wa uloto hatafutwi kwa ABO, yaani kundi la damu. Anatafutwa kwa alama za HLA, zile ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni. Vinasaba vya HLA viko kwenye kromosomu ya 6, vya ABO kwenye ya 9, na kila kimoja hurithiwa kivyake. Kwa hiyo kaka na dada wanaweza kufanana HLA yote wakatofautiana kundi la damu. Hutokea katika takriban asilimia 30 hadi 50 ya upandikizaji wa kutoka kwa mtu mwingine.

Tuseme Asha ni A na kaka yake Juma ni O. Uloto wa Juma ukishashika, chembe nyekundu zote mpya ni za O. Za zamani za Asha huishi kama siku 120, kisha zinakwisha. Sasa, O halisi ana kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B. Mbona Asha hana ile ya dhidi ya A? Kwa sababu A haikai kwenye damu peke yake. Iko kwenye kuta za mishipa, kwenye utando wa utumbo, na kwa watu wengi hata kwenye mate. Damu imekuwa ya Juma lakini nyumba ni ya Asha, na kinga iliyolelewa katika nyumba iliyojaa A kwa kawaida haiigombi.

Mwanzoni mambo si lazima yawe shwari hivyo. Limfosaiti za Juma, chembe nyeupe za kinga zilizokuja pamoja na uloto, zinazoitwa abiria, zinaweza kuanza kutengeneza kingamwili dhidi ya A kati ya siku ya 5 na ya 15, wakati chembe za Asha bado zimejaa kwenye mzunguko. Chembe hizo huvunjwa: hemoglobini, protini nyekundu ya damu, hushuka ghafla, macho yanakuwa ya manjano, mkojo mweusi.

Geuza kisa: Asha ni O, Juma ni A. Hapa anayegomba ni mwenyeji. Seli za Asha zinazotengeneza kingamwili ni sugu, baadhi hustahimili hata dawa kali za kuandaa upandikizaji, na huendelea kushambulia A kwa miezi. Chembe nyeupe zinapanda, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinapanda, nyekundu zinauawa zikiwa changa mle mle ulotoni. Kwangu mimi hii ndiyo inayochosha zaidi: uloto umeshika, lakini mgonjwa bado anaongezewa damu.

Damu gani? Kwa visa vyote viwili jibu ni moja: chembe nyekundu za O, plazma ya A au AB.

Suala hili halimgusi anayerudishiwa seli zake mwenyewe, kama wagonjwa wa mayeloma, saratani ya uloto, wanavyofanyiwa Muhimbili. Linawahusu wanaopokea kutoka kwa ndugu, wakiwemo watoto wenye selimundu wanaopandikizwa uloto katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma.

Kadi ya zamani ya Asha, yule wa kwanza, bado inasema A. Herufi moja haimtoshi tena. Jibu lake la maabara huandikwa kwa kirefu: chembe O, kingamwili dhidi ya B pekee, amepandikizwa uloto, mchangiaji O, kundi la awali A.