Kunyamaza polisi Uingereza si kama kwenye sinema

"Ukikamatwa Uingereza nyamaza tu, hawana la kukufanya." Ushauri huu umeokotwa kwenye sinema za Marekani. Haki ya kunyamaza ipo kweli, na hutiwi hatiani kwa ukimya peke yake. Lakini huko England na Wales (Scotland wana sheria zao), tangu sheria ya mwaka 1994, ukinyamaza ulipohojiwa kisha ukazuka na utetezi mpya mahakamani, jopo la raia wanaoamua kesi (jury) linaweza kujiuliza: mbona hakusema siku ile? Ndiyo maana askari anapokukamata hukuonya kwamba ukimya unaweza kuudhuru utetezi wako. Omba wakili kwanza. Kituoni ni bure, hata kwa tajiri. Ila wakili akikushauri unyamaze, hilo nalo si kinga kamili.