Je, wajua kwa nini rangi haitoshi kumtambua buibui?

"Mweusi ana sumu, wa kahawia hana neno." Kauli hii imezoeleka, na imekosea pande zote mbili. Karibu buibui wote wana sumu, maana ndiyo wanayoulia wadudu; ila walio wengi hawawezi kumdhuru mtu. Miongoni mwa wachache wa kuhofiwa ni wale wa jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) Latrodectus, na mmoja wao, Latrodectus geometricus, mara nyingi ni wa kahawia. Anayetafuta mweusi atampita bila kujua. Huyu hupenda kujificha chini ya viti na kwenye kingo za vyungu vya maua. Chini ya tumbo ana alama ya rangi ya machungwa, pana juu na chini, nyembamba katikati. Ushahidi mzuri zaidi ni vifuko vyake vya mayai: viduara vidogo vilivyojaa vijiba kama miiba pande zote.

Rangi yenyewe haitulii. Jike wa Misumena vatia, anayevizia wadudu juu ya maua, hugeuka kutoka mweupe kuwa wa njano na kurudi tena, kazi ya siku kadhaa. Buibui aliyetoka kujivua gamba huwa amepauka. Dume na jike wa spishi moja wanaweza kutofautiana hadi ukadhani ni wageni kwa wageni.

Anza na utando. Ukiwa duara lenye spoki kama gurudumu, mwenyewe mara nyingi ni wa familia ya Araneidae, wakazi wa bustanini. Nyuzi ovyo kwenye pembe ya dari, na buibui wa miguu mirefu myembamba anayejitikisa kwa kasi ukimgusa, hao ni Pholcidae. Nyuzi zilizovurugika, nyingine zimekazwa hadi sakafuni: Theridiidae, familia ya huyo Latrodectus.

Wapo wasiotega utando, na hao hutambuliwa kwa macho yao. Wengi wana macho manane, lakini mpangilio ndio unaotaja familia. Mrukaji mdogo, Salticidae, ana mawili makubwa mbele kama taa za gari. Lycosidae, wakimbiaji wa ardhini, wana manne madogo chini, mawili makubwa juu yake, na mawili nyuma zaidi.

Hao Lycosidae hutafutwa usiku kwa tochi. Nyuma ya macho yao makubwa kuna tabaka linalorudisha mwanga ulikotoka. Fikiria kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli: dereva hukiona kiking'aa kwa sababu ameketi karibu na taa zake, lakini aliyesimama kando ya barabara haoni kitu. Ndiyo maana tochi iliyoshikwa kiunoni huambulia patupu. Mwanga unarudi kiunoni. Iweke ubavuni mwa jicho lako, kwenye kipaji, ukitazama inakomulika. Nukta ya kijani-nyeupe itawaka nyasini, hata ukiwa mita kadhaa mbali. Matone ya umande nayo humeta, hivyo sogea uhakikishe. Salticidae hawana tabaka hilo, kwa hiyo usiwatafute kwa njia hii.

Kwa kumtazama karibu, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, kisha mpige picha nne: usoni, mgongoni, tumboni kwa chini, na utando kama upo. Hapo utafika kwenye familia, pengine jenasi. Jina la spishi mara nyingi hudai buibui aliyekomaa na hadubini ya kuchunguzia viungo vya uzazi, kwa hiyo usimwamini sana anayelitaja kwa picha moja ya mgongo.

Na kama tochi itakuonyesha nukta mbili kubwa zilizozungukwa na cheche ndogo nyingi, huyo ni mama wa Lycosidae aliyebeba watoto mgongoni. Usimpige, watatawanyika chumba kizima.